Mpaka wa Ratili: Tarikhi ya Madaraja ya Uzani ya Pikapu za Marekani

Katika nchi ya Marekani gari la mzigo liitwalo pikapu limehesabiwa kwa njia mbili, na njia hizo hazijapata kupatana sawasawa. Njia ya kwanza ni ya wauzaji na wanunuzi, ambao husema nusu tani, robo tatu ya tani na tani moja, kama walivyosema babu zao. Njia ya pili ni ya serikali, ambayo huyapanga magari yote ya mizigo katika madaraja manane kwa kufuata uzani wake kamili, yaani uzito wa gari lenyewe pamoja na mafuta, watu na mzigo wote ambao mtengenezaji ameridhia libebe. Njia ya kwanza ilizaliwa sokoni, na ya pili ilizaliwa katika vitabu vya sheria. Na azma ya makala haya ni kueleza jinsi mistari iliyochorwa na sheria ili kuyapima magari ilivyokuja kuwa ndiyo inayoyaumba.

Mwanzo wa habari hii ni tani moja. Kabla ya mwaka 1917 mkulima wa Marekani aliyetaka kupeleka viazi au maziwa sokoni kwa gari dogo alilokuwa nalo hakuwa na budi kulikata sehemu ya nyuma na kumwita seremala alitengenezee sanduku la mbao. Na gari la namna hiyo, ambalo asili yake liliundwa kwa abiria, lilizidiwa upesi na shehena. Mwezi wa Julai mwaka 1917 kampuni ya Ford iliitikia haja hiyo kwa kutoa Model TT, ambayo ilikuwa ni Model T iliyorefushwa chasi, ikatiwa ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi, na kukadiriwa kubeba tani moja. Iliuzwa chasi tupu kwa dola 600, na kazi ya kuitengenezea bodi ikaachiwa mafundi wa kila mji. Mwaka uliofuata Chevrolet nao wakaleta magari mawili pamoja, moja la nusu tani lililotokana na gari lao dogo la 490, na la pili la tani kamili. Na mwaka 1925 Ford wakaanza kuuza Model T yenye sanduku la mzigo lililotiwa kiwandani, kwa bei ya dola 281, na katika mwaka huo yakatoka magari ya namna hiyo yapatayo 34,000.

Yafaa ifahamike kwamba tani ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907, nayo ni pungufu ya tani ya Kiingereza iliyo ratili 2,240. Kwa hiyo gari la nusu tani lilikuwa gari la kubeba ratili 1,000, ambazo mfanyabiashara wa zamani wa mwambao wetu angezihesabu kuwa frasila 28 na ushei. La robo tatu lilikuwa la ratili 1,500, na la tani moja lilikuwa la ratili 2,000. Katika zama hizo jina lilikuwa ahadi ya mtengenezaji juu ya mzigo, na tofauti baina ya gari na gari ilionekana kwa macho: springi zenye majani mengi zaidi, ekseli nene zaidi, magurudumu makubwa zaidi, na chasi iliyofinyangwa kwa chuma kizito. Mwenye duka alijua gari lake, mjenzi alijua lake, na mwenye ghala la makaa alijua lake, wala hapakuwa na haja ya kadhi wa kuwaamua.

Vita Kuu ya Pili vilitia nguvu desturi hiyo, kwa maana jeshi la Marekani nalo liliyaita magari yake kwa kipimo cha mzigo. Kampuni ya Dodge, iliyopewa kazi ya kuunda magari mepesi ya kijeshi ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ilianza mwaka 1940 na gari la nusu tani, kisha mwaka 1942 ikaleta gari la robo tatu ya tani lililo pana zaidi na fupi zaidi kwa kimo, ambalo lilifika katika medani za Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Pasifiki. Vita vilipokwisha, askari waliorejea mashambani walikuwa wamekwisha kuyajua magari hayo na kuyaamini, na mwaka 1946 Dodge wakawauzia Power Wagon, gari la tani moja ambalo mashine na chasi yake zilitokana na lile la vitani.

Baada ya hapo tani ilianza kujificha nyuma ya tarakimu. Mwaka 1947 Chevrolet walitoa magari mapya, wakaliita la nusu tani 3100, la robo tatu 3600, na la tani moja 3800. Mwezi wa Januari mwaka 1948 Ford wakaleta jamii yao ya F, tangu F-1 ya nusu tani hata F-8 iliyokuwa lori kubwa. Na mwaka 1953 wakayabadili majina, F-1 ikawa F-100, F-2 na F-3 zikaunganishwa kuwa F-250, na ile ya tani moja ikawa F-350. Chevrolet wakafuata mwaka 1960 kwa C10, C20 na C30, na Dodge nao wakawa na D100, D200 na D300. Hatimaye tarakimu za 1500, 2500 na 3500, ambazo Chevrolet walianza kuzitumia mwaka 1988, ndizo zilizobaki hata leo kwa magari yao na ya Ram, jina la sasa la pikapu za Dodge. Hakuna hata moja kati ya tarakimu hizi iliyopata kuwa kipimo cha kitu chochote. Zilikuwa ngazi tu, za kumjulisha mnunuzi kwamba hii ni ya chini, hii ni ya kati na hii ni ya juu, ilhali chuma kiliendelea kuwa bora, springi zikaendelea kuimarika, na mzigo halisi ukaendelea kuipita ile tani ya asili.

Basi serikali, ambayo ilihitaji kipimo kisichoyumba, haikuweza kuutegemea msemo wa sokoni. Ikaushika uzani kamili, ikaugawa hivi: daraja la kwanza ni magari yasiyozidi ratili 6,000, la pili hufika ratili 10,000, la tatu hufika 14,000, la nne 16,000, la tano 19,500, la sita 26,000, la saba 33,000, na la nane ni yote yaliyo juu ya hapo, ambamo yamo malori makubwa ya kuvuta matela barabara kuu. Pikapu nzito tunazozizungumza hapa zimo aghalabu katika nusu ya juu ya daraja la pili na katika daraja la tatu. Sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, ndiyo iliyofungua njia ya kanuni za kumlazimisha kila mtengenezaji abandike katika mlango wa dereva karatasi yenye kutaja uzani kamili wa gari lake na uzito ambao kila ekseli inaweza kuuchukua. Lakini hapo pana jambo moja ambalo msomaji hana budi kulishika vyema, maana ndilo ufunguo wa yote yanayofuata: serikali iliweka mipaka, bali tarakimu ya kuandikwa mlangoni ilibaki kuwa tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Mpaka wa kwanza kujaribiwa ulikuwa ule wa ratili 6,000, yaani kilo 2,722. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilitaka moshi wa magari upunguzwe sumu, na kwa magari ya mwaka 1975 watengenezaji wengi hawakuona njia ila kutia katika bomba la moshi kile chombo cha kusafishia ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita masega. Chombo hicho huharibiwa na madini ya risasi, kwa hiyo gari lenye nacho halikuweza kutumia petroli ya kawaida ya wakati ule. Lilihitaji petroli isiyo na risasi, ambayo ilikuwa ghali zaidi, na ambayo mkulima wa mbali, mwenye pipa lake la mafuta shambani, hakuitaka. Kanuni hizo ziliyahusu magari mepesi ya mizigo yasiyozidi ratili 6,000. Ford walilitazama sharti hilo, wakalitazama na gari lao la F-100, kisha katika mwaka huo huo wa 1975 wakaleta gari jipya lililosimama katikati ya F-100 na F-250, wakaliita F-150, na uzani wake kamili ukaandikwa ratili 6,050. Ratili 50 tu, uzito wa mtoto mdogo, ziliitoa F-150 katika mkono wa sheria ile. Chevrolet nao wakatoa Big 10 kwa hila iyo hiyo, na wanunuzi wakayaita magari ya jamii hii nusu tani nzito.

Serikali haikukawia kuutambua mwanya huo, na kuanzia magari ya mwaka 1979 mpaka ukapandishwa hata ratili 8,500, yaani kilo 3,856. Lakini gari lililozaliwa kwa ajili ya mpaka wa kale halikufa pamoja na mpaka huo. F-100 ndiyo iliyokufa, ikaachwa baada ya mwaka 1983, na F-150 ikarithi nafasi yake. Na jamii ya F, ambayo imekuwa ya kwanza kwa mauzo miongoni mwa magari ya mizigo ya Marekani tangu mwaka 1977, imejengwa juu ya jina hilo.

Mpaka mpya wa ratili 8,500 nao ukaanza kufanya kazi yake ya kuumba. Sheria ya nishati ya mwaka 1975, iliyofuata dhiki ya mafuta ya mwaka 1973, iliweka kiwango cha wastani cha matumizi ya mafuta kwa kila kampuni, na baada ya muda mfupi kiwango hicho kikawa kinayahusu magari ya mizigo yasiyozidi ratili 8,500. Gari lililoipita tarakimu hiyo halikuhesabiwa katika wastani huo, wala muuzaji wake hakulazimika kulibandika karatasi ya kueleza linakula mafuta kiasi gani. Daraja la pili likapasuka vipande viwili: cha chini, cha magari ya nyumbani na kazi nyepesi, na cha juu, cha tangu ratili 8,501 hata 10,000, ambacho kilikuwa kama nchi yenye sheria zake.

Ndani ya nchi hiyo ndimo dizeli ilimostawi. Mwaka 1983 Ford walianza kutia injini ya dizeli ya lita 6.9 iliyotengenezwa na International Harvester katika pikapu zao nzito. Mwaka 1989 Dodge, ambao mauzo yao ya pikapu yalikuwa yamedhoofu mno, wakafanya jambo ambalo halikutarajiwa: wakachukua injini ya Cummins ya lita 5.9 na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ambayo asili yake ilikuwa ya malori na mitambo ya mashamba, wakaitia katika pikapu zao za madaraja ya 250 na 350. Ilitoa nguvu za farasi 160 tu, lakini nguvu yake ya kuvuta, hata injini ikizunguka polepole, iliwastaajabisha wachungaji wa ng'ombe na wavuta matela; na uzito wake peke yake ulikuwa yapata ratili 1,100, yaani injini ile ilizidi kwa uzito mzigo mzima wa nusu tani ya zamani. Injini ya namna hiyo haikuweza kukaa katika gari dogo. Ilitaka chasi nzito, ekseli nzito na breki nzito, na kwa hiyo ikazidi kuzitenga pikapu za juu na za chini, hata Ford wakazipa chasi na sura mbalimbali, wakatoa jamii ya Super Duty kwa magari ya mwaka 1999 na kuiacha F-150 iende njia yake.

Kulipokuwa na nchi isiyo na wastani wa mafuta, hawakukosekana wageni wa kuhamia. Ford Excursion ya mwaka 2000, gari kubwa mno la abiria lililojengwa juu ya chasi ya Super Duty, na Hummer H2 iliyokuja baadaye kidogo, yote mawili yalivuka ratili 8,500. Upande wa kodi nao ulikuwa na mpaka wake, ule ule wa kale wa ratili 6,000, ambao ukivukwa gari la biashara hupata nafuu ambayo gari dogo halipati. Na mwaka 2003 nafuu hiyo ilipoongezwa hata dola 100,000, matabibu na mawakili wasiobeba hata gunia wakaona faida ya kununua gari zito. Mwaka 2004 sheria ikarekebishwa, ikawekwa dola 25,000 kwa magari makubwa ya abiria, lakini pikapu yenye sanduku la futi sita au zaidi ikaachwa nje ya kizuizi hicho. Na hivyo urefu wa sanduku, ambao zamani uliamuliwa na urefu wa mbao na marobota, ukapata sababu mpya.

Mipaka miwili mingine yawahusu madereva. Gari linalofanya biashara baina ya majimbo, likifika ratili 10,001, peke yake au pamoja na tela lake, huingia chini ya kanuni za wasafirishaji, zenye nambari za usajili, daftari za saa za kazi na ukaguzi. Na kwa sheria ya mwaka 1986, atakayeendesha gari lenye tela zito, jumla yake ikiwa ratili 26,001 au zaidi, hana budi kuwa na leseni ya daraja la kibiashara. Matokeo yake ni ya ajabu kwa asiyezoea. Mnunuzi wa F-350, gari liwezalo kuandikwa zaidi ya ratili 11,000, aweza kuagiza kwa hiari yake liandikwe 10,000 tu. Chuma ni kile kile na springi ni zile zile. Kilichopungua ni tarakimu ya mlangoni, na pamoja nayo ada na masharti.

Amma mpaka wa ratili 14,000, ulio kilele cha daraja la tatu, ndio uliozusha ugomvi mkubwa wa matangazo. Mwaka 2008 Ford walitoa F-450 yenye sanduku la pikapu, uzani wake kamili ukiwa ratili 14,500, kwa hiyo ikawa gari la daraja la nne. Baadaye waliishusha hata ratili 14,000 kamili, na hapo ikaweza kushindanishwa na pikapu za daraja la tatu na kudai ushindi. Washindani wao wa Ram wakapinga, na katika mabishano ya mwaka 2014 ikadhihirika kwamba hesabu ya mzigo wa juu kabisa wa Ford ilifanywa kwa gari lililotolewa tairi ya akiba, jeki na hata redio.

Hata hivyo wapo waliotaka kipimo cha kazi yenyewe. Jumuiya ya wahandisi wa magari ilitoa mwaka 2008 kanuni iitwayo J2807, ambayo sharti lake moja ni kwamba gari livute tela lake kupanda mlima wa Davis Dam katika jimbo la Arizona, mwendo wa kilomita 18 hivi, wakati wa joto kali na kipoza hewa kikifanya kazi, bila kupungua maili 40 kwa saa kwa gari lenye tairi mbili nyuma, au maili 35 kwa lenye tairi nne. Toyota walikuwa wa kwanza kuifuata, kwa Tundra ya mwaka 2011, na wengine wakachelewa kwa miaka. Katika mwaka huo huo wa 2011 serikali ikakamilisha kanuni za kwanza za hewa ya ukaa kwa pikapu za juu ya ratili 8,500, zianze na magari ya mwaka 2014, na safari hii kiwango kikafungwa na uwezo wa gari wa kubeba na kuvuta. Nchi isiyo na sheria ikapata sheria, baada ya zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2021 F-150 moja, iliyo nusu tani kwa jina, iliweza kupangwa hata ibebe zaidi ya ratili 3,000. Na F-450 ya mwaka 2023 imetangazwa kuvuta ratili 40,000, yaani kilo 18,144. Lakini madaraja bado yana hila zake. Pikapu mbili za daraja moja, zenye uzani kamili ulio sawa, moja ya petroli na moja ya dizeli, hazibebi sawa, kwa sababu injini nzito ya dizeli imekwisha kula sehemu ya mzigo kabla mwenyewe hajapakia kitu; na Hummer ya umeme, ambayo ikiwa tupu ina zaidi ya ratili 9,000 kwa ajili ya betri zake, imeingia daraja la tatu kwa uzani, ilhali mzigo wake ni wa ratili 1,300 hivi, ambao ungechukuliwa na robo tatu ya tani ya mwaka 1948. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ulivyo mzigo katika kinywa cha muuzaji.

Wasomaji wa Afrika Mashariki nao husema Canter ya tani tatu na lori la tani saba, na huliamini jina kama Wamarekani walivyoliamini la kwao. Kwa hiyo atakaye kulinganisha pikapu mbili, ziwe za Detroit au za Japani, na aache tarakimu iliyo ubavuni, afungue mlango wa dereva, asome uzani kamili ulioandikwa hapo, kisha atoe uzito wa gari likiwa tupu, atoe dereva, abiria na mafuta, na kama lina tela, atoe pia ile sehemu ya uzito wa tela inayokandamiza kiungo, ambayo kwa tela la ratili 10,000 yaweza kuwa ratili 1,500 au zaidi. Kilichosalia ndicho mzigo wake wa haki, na kwa hicho ndicho alinganishe.